Jaji wa Mahakama Kuu anaweza kukataa kufuata Mahakama ya Upeo, au inategemea chama chako?

#1 Nyundo_Kavu
Salaam wakuu. Leo kwenye matatu abiria wawili nusura wavuane mashati. Mmoja anasema jaji wa Mahakama Kuu akiona Mahakama ya Upeo, iliyo juu kabisa, imekosea, afuate dhamiri yake. Mwenzake anamuuliza, "Sasa hao walio juu wako juu ya nini?" Nimeshuka kabla hawajamalizana, nawaletea nyinyi.

Mimi msimamo wangu ni huu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 163(7), inasema mahakama zote isipokuwa Mahakama ya Upeo yenyewe zinafungwa na maamuzi ya Mahakama ya Upeo. Hakuna "ikiwezekana" pale. Lakini tunakisoma kwa miwani ya chama. Septemba 2017 uchaguzi wa urais ulipofutwa, watu wa NASA, muungano wa upinzani, ndio waliotuhubiria kuheshimu mahakama, na wa Jubilee, chama tawala wakati huo, wakawaita majaji wakora. Septemba 2022 ushindi wa Ruto ulipothibitishwa, wahubiri wakabadilishana mimbari. Je, mahakama ya chini ina nafasi yoyote ya kusema hapana?

#2 KobeMtoro
Umeuliza na umejijibu. Kifungu kiko wazi. Admin funga uzi tukalale.

#3 BintiPate
Kobe usilale bado. Soma na kifungu cha 160(1): katika kutumia mamlaka yake, Idara ya Mahakama iko chini ya Katiba na sheria peke yake, haiongozwi na mtu wala ofisi yoyote. Halafu usome cha 20(3), kinachoitaka mahakama ichague tafsiri inayoipa haki ya mtu nguvu zaidi. Jaji ameapa kwa Katiba, hakuapa kwa majaji saba wa Upeo. Wakiandika kitu kinachomnyima mtu haki, afuate kipi?

Na Nyundo, mifano yako imekaa upande. 2017 na 2022 hakuna mahakama ya chini iliyoulizwa kitu, kesi ya urais huanzia na kuishia Mahakama ya Upeo. Kuheshimu hukumu ni jambo la raia na serikali. Kufungwa na hukumu ni jambo la hakimu na jaji. Usitupikie vyote chungu kimoja.

#4 Nyundo_Kavu
@BintiPate hapo umenishika, nakubali. Ila na 163(7) nayo ni Katiba, haikuandikwa na hao saba. Kwa hiyo jaji aliyeapa kwa Katiba ameapa na hicho pia.

#5 Mzalendo_Halisi
Tuseme ukweli, tatizo ni majaji wanaharakati. Serikali ikitaka kufanya kazi wanaweka zuio. Ushuru wa nyumba, yale makato ya mshahara ya kujenga nyumba nafuu, Mahakama Kuu iliupinga ilhali Mahakama ya Upeo ilishauhalalisha! Huo si ukaidi ni nini?

#6 Karani_Mstaafu
Mzalendo, kalenda yako imepinduka. Mahakama Kuu ilisema ushuru wa nyumba ni kinyume cha Katiba tarehe 28 Novemba 2023. Mahakama ya Rufaa ikakataa kuzuia hukumu hiyo Januari 2024. Bunge likaenda kutunga sheria mpya ya nyumba, ikatiwa saini Machi. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikaitupa yote Sheria ya Fedha ya 2023, ile iliyoleta ushuru huo. Mahakama ya Upeo ilikuja kuirudisha tarehe 29 Oktoba 2024. Sasa jaji wa Novemba 2023 angekaidi vipi uamuzi wa Oktoba 2024? Labda awe na pete ya majini.

#7 KobeMtoro
😂😂 pete ya majini. Mzee umeamka vibaya leo.

#8 Mzalendo_Halisi
Sawa, tarehe nimechanganya. Lakini hoja yangu iko palepale.

#9 JirongoSiyoMimi
Hoja ya Mzalendo haijawahi kuondoka palepale tangu 2013.

#10 Karani_Mstaafu
Nimekaa masjala za mahakama miaka ishirini na kitu, nimesogeza mafaili mpaka vidole vikawa na rangi ya jalada. Niwaambie jambo ambalo halionekani kwenye runinga. Sijapata kumsikia jaji akisema "nakataa kuwafuata wakubwa". Haisemwi hivyo. Inasemwa, "Nimeisoma kesi hiyo kwa makini, lakini mazingira yake yanatofautiana na ya kesi iliyo mbele yangu." Mara nyingi ni kweli. Mara nyingine tofauti yenyewe ni kwamba ile ilihusu ng'ombe mweusi na hii ng'ombe wa madoa.

Kinachofunga si kila neno lililomo kwenye hukumu. Kinachofunga ni kiini, ile sababu ambayo ukiiondoa hukumu inaanguka. Hukumu ya kurasa 200 ina kiini cha kurasa tano, mengine ni maelezo ya pembeni, hadithi na Kilatini. Ugomvi wote wa mawakili uko hapo: hiki ni kiini au ni pembeni? Kwa hiyo swali la "wanafuata au hawafuati" ni jepesi mno. Ulizeni: kufuata nini hasa?

#11 MamaWawili
Naomba niweke langu, ingawa si mwanasheria.

Kaka yangu alihukumiwa kunyongwa mwaka 2011 kwa wizi wa mabavu. 2016 Rais Uhuru alipobadilisha hukumu za kifo kuwa vifungo vya maisha, naye akawa mmoja wao. Tukashukuru, lakini maisha ni maisha, hayana tarehe ya kwenda kumpokea. Halafu 2018 ikaja ile kesi ya Muruatetu ya Mahakama ya Upeo, kwamba jaji asilazimishwe kutoa adhabu ya kifo. Gereza zima likaanza kuandika maombi. Kaka aliandika lake kwa mkono, kwenye karatasi za daftari la mistari, akampa askari.

Mwaka 2019 akaitwa Mahakama Kuu. Jaji alimuuliza amejifunza nini ndani. Akasema ushonaji, na akaonyesha upindo wa shati alilovaa, kaushona mwenyewe. Akapewa miaka 20 kuhesabu tangu siku aliyokamatwa.

Mwenzake wa chumba kimoja, kosa lilelile, kifungu kilekile, faili lake lilipotea masjala. Lilipatikana mwishoni mwa 2021. Siku ya kesi jaji akamwambia mikono yake imefungwa, Mahakama ya Upeo imeshasema Muruatetu ni ya mauaji peke yake. Akarudishwa ndani na maisha yake. Mama yake alikaa na sisi kwenye benchi. Alinigeukia akaniuliza, "Wa kwenu aliwezaje?" Sikuwa na la kumjibu. Mpaka leo sina.

Nyinyi mnabishana vyama. Mimi nataka kujua, yule jaji wa 2019 alikosea au yule wa 2021 ndiye alikosea?

#12 BintiPate
Pole dada. Hapo umeweka kitu ambacho vitabu havikiweki.

#13 Wakili_Mdogo
Pole sana MamaWawili. Sahihisho dogo tu: Muruatetu ilitolewa tarehe 14 Desemba 2017. Ni kweli kwamba mawimbi yake yalifika magerezani 2018.

Kujibu swali lako: wote wawili walidhani wanafuata. Hukumu ya 2017 ilihusu kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, yaani mauaji. Lakini sababu yake ilikuwa pana: kwamba sheria ikimnyima jaji nafasi ya kusikiliza utetezi wa mtu juu ya adhabu, kesi hiyo haikuwa ya haki. Majaji wakasema, kama sababu ni hiyo, wizi wa mabavu una tofauti gani? Nao ulikuwa na adhabu ya kifo ya lazima. Wakaipanua. Wengine wakaifikisha hadi vifungo vya chini vya lazima kwenye Sheria ya Makosa ya Ngono. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Upeo ikaita wote mezani: tulisema mauaji, hatukusema kingine.

Kwa hiyo jaji wa 2019 alifuata sababu, wa 2021 akafuata maelekezo.

#14 Karani_Mstaafu
Na kuhusu faili kupotea masjala, MamaWawili, naomba radhi kwa niaba ya kabila la makarani. Mara nyingi halijapotea. Limewekwa juu ya kabati likingoja mtu alikumbuke.

#15 Nyundo_Kavu
@Wakili_Mdogo basi lawama ni ya Mahakama ya Upeo. Ukiandika kwa mapana, usishangae watu wakikusoma kwa mapana. Miaka mitatu na nusu walikuwa wapi?

#16 Wakili_Mdogo
Mahakama haitembei nyumba kwa nyumba ikisahihisha, inangoja iletewe. Ila nakubaliana nawe nusu. Na kuna kitu watu hukisahau: maelekezo ya 2021 hayakufunga mlango kwa makosa mengine. Yalisema anayetaka kupinga adhabu za lazima za makosa hayo afungue kesi Mahakama Kuu, ijadiliwe kikamilifu, ipande Rufaa, kisha ifike kwao.

#17 BintiPate
Asante! Hicho ndicho nilikuwa nakitafuta. Na ndivyo ilivyofanyika Machakos 2022: wafungwa wakafungua kesi, jaji wa Mahakama Kuu akasema vifungo vya chini vya lazima vya makosa ya ngono vinakiuka Katiba kwa kiasi vinavyomnyima hakimu nafasi ya kupima. Alikuwa mkaidi huyo? Alipita mlango alioonyeshwa.

#18 Mwalimu_wa_Darasa_la_Nne
Nimekuwa msomaji tu hapa ila leo nitaandika. BintiPate unazungumza kama vile kila mfungwa ni mshonaji mwenye shati safi. Mimi nimefundisha mtoto ambaye aliacha kuongea darasani kwa muhula mzima. Aliyemfanyia alikuwa jirani. Sheria ya 2006 iliweka maisha kwa aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini, isiyopungua miaka 20 kwa wa 12 hadi 15, na isiyopungua 15 kwa wa 16 hadi 18. Iliwekwa hivyo kwa sababu kabla yake watu walikuwa wakipewa adhabu za kuchekesha. Kila jaji "anapopima", sisi wa vijijini tunaona mtu karudi mapema anapita mbele ya shule.

Julai 2024 Mahakama ya Upeo iliporudisha, kwenye kesi ya kunajisi, miaka 20 ambayo Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeipunguza hadi 15, niliwaambia walimu wenzangu chumbani, angalau kuna mtu huko juu.

#19 BintiPate
Mwalimu, nimekusikia na sitabishana na hilo la mtoto. Ila sheria hiyohiyo imewafunga vijana wa miaka 19 waliokuwa na wapenzi wa 17, kwa kiwango kilekile cha miaka 15. Hakimu anamwona kijana, anamwona binti analia anasema "niachieni mtu wangu", na hana la kufanya. Wale mahakimu ndio waliokuwa wakilia kwenye hukumu zao.

#20 Mwalimu_wa_Darasa_la_Nne
Basi Bunge libadilishe sheria. Si kila hakimu atunge yake.

#21 KobeMtoro
Bunge letu? Lile lile?

#22 MtuWaBongo
Habari za huko jirani. Kwanza nyinyi mnaiita Mahakama ya Upeo, wengine Mahakama ya Juu, kisha mna Mahakama Kuu ambayo si kuu kuliko zote. Mtoto wa shule hapo atapita kweli mtihani?

Kwetu Tanzania ngazi ya mwisho ni Mahakama ya Rufani, na jambo hili lilimalizwa 1988 kwenye kesi ya JUWATA na KIUTA. Rufani ilisema mahakama zote zilizo chini yake zinafungwa na maamuzi yake, hata kama uamuzi ulitolewa kwa kupitiwa. Ukiuona una kasoro, unaufuata hivyohivyo mpaka wao wenyewe waurekebishe. Ukali, lakini ukiingia mahakamani unajua unasimama wapi.

#23 Karani_Mstaafu
Karibu jirani. Zamani tulikuwa nyumba moja. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilituhudumia wote hadi 1977, na mwaka 1970 kwenye kesi ya Dodhia ilisema mahakama ya mwisho kwa kawaida ifuate maamuzi yake yenyewe lakini iwe huru kuyaacha pale inapoona ni sawa kufanya hivyo. Uhuru huo ni wa aliye juu kabisa. Wa chini hakupewa.

#24 Boston_Kupitia_Kitale
Mnadhani ni Afrika tu? Marekani ndiyo kwao hasa. 2010 Mahakama ya Juu yao iliruhusu makampuni kumwaga pesa kwenye kampeni. Mahakama ya juu ya jimbo la Montana ikasema historia ya Montana ni tofauti, makampuni ya shaba yaliwahi kununua siasa za jimbo zima, kwa hiyo sheria yetu ya kuzuia inabaki. Hiyo ilikuwa Desemba 2011. Waliberali wakashangilia ujasiri. Juni 2012 Mahakama ya Juu ikaifuta, tano kwa nne. Miaka michache baadaye, 2016, jaji mkuu wa Alabama aliwaagiza majaji wa chini yake wasitoe vyeti vya ndoa za jinsia moja hata baada ya Mahakama ya Juu kuamua 2015. Sasa wahafidhina ndio wakashangilia ujasiri. Alisimamishwa kazi.

Na hii ya karibuni: Agosti 2025 Jaji Gorsuch aliandika kwamba majaji wa chini wanaweza kutokubaliana na Mahakama ya Juu lakini hawana ruhusa ya kuikaidi. Aliyekuwa akikemewa ni jaji mmoja wa Boston, mzee aliyeteuliwa na Reagan. Mwezi uliofuata akaomba radhi akiwa kitini, akasema hakuelewa kwamba amri fupi za dharura nazo zinapaswa kufuatwa kama kesi tangulizi.

#25 JirongoSiyoMimi
Ndugu yetu wa Boston, kila uzi lazima utupitishe Marekani. Juzi tulikuwa kwenye uzi wa mbolea ukatupeleka Iowa.

#26 Nyundo_Kavu
Mwacheni, ameleta kitu. Hiyo ya amri fupi ndiyo shida hasa. Hukumu ya kurasa 200 ina kiini cha kutafuta. Amri ya aya mbili isiyo na sababu, jaji wa chini atafuata nini? Atakisia.

#27 Mzalendo_Halisi
Mimi narudi nyumbani. Mwanzoni mwa 2024 Rais alipolalamika kuhusu majaji wachache aliodai wanahongwa, mawakili wakaandamana. Hao hao mawakili wako tayari jaji wa chini aikaidi Mahakama ya Upeo ikiwa upande wao. Utii ni njia moja au ni mbili?

#28 Wakili_Mdogo
Niliandamana siku hiyo, Mzalendo, na viatu vyangu vilikatika kisigino. Sikuandamana ili majaji waikaidi Mahakama ya Upeo. Niliandamana kwa sababu mwenye malalamiko juu ya jaji ana njia yake: kifungu cha 168, ombi kwa Tume ya Huduma za Mahakama. Na asiyeridhika na hukumu ana rufaa. Jaji asiyeridhika na hukumu ya aliye juu ana kalamu: aandike kwamba anaona imekosea, aeleze kwa nini, halafu aifuate. Ndivyo wengi wanavyofanya na hakuna gazeti linaloandika.

#29 BintiPate
"Naona imekosea, lakini ninaifuata." Mwambie hivyo mama yule wa kwenye benchi.

#30 Wakili_Mdogo
Najua.

#31 Karani_Mstaafu
Kuna sababu nyingine hatujaitaja, na si ya chama wala dhamiri. Hakimu wa kituo kidogo asubuhi ana orodha ya kesi arobaini. Hana msaidizi wa kumtafutia. Hukumu ya Mahakama ya Upeo inatoka leo Nairobi, yeye ataisikia siku wakili au mwendesha mashtaka atakapomletea nakala, mara nyingi imekunjwa pembe na aya moja imepigwa mstari. Na aya hiyo ni ile inayomfaa aliyeileta. Nimeshuhudia wakili akisoma kwa sauti ya mhubiri, hakimu akamwambia, "Bwana wakili, geuza ukurasa." Akageuza. Ukurasa uliofuata ulikuwa unasema kinyume.

Ukaidi mwingi mnaousoma kwenye magazeti ni hakimu ambaye hakugeuziwa ukurasa.

#32 MtuWaBongo
Hiyo ya kugeuza ukurasa imenigusa. Mimi ni wakili na sitasema ni mara ngapi.

#33 KobeMtoro
😂 Hatimaye mtu amekiri. Wengine mnaona woga wa kupandishwa cheo? Jaji wa Mahakama Kuu anayeota kiti cha Rufaa ataandika akiangalia juu.

#34 Nyundo_Kavu
Au ataandika kishujaa ili ajulikane. Mashujaa nao hupanda.

#35 Boston_Kupitia_Kitale
Wisconsin miaka ya 1850 mahakama ya jimbo iligoma kutumia sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka, na mwaka 1859 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi huo kwa kauli moja. Leo ukiuliza nani alikuwa sahihi...

#36 JirongoSiyoMimi
Tumefika Wisconsin. Nilijua.

#37 Mwalimu_wa_Darasa_la_Nne
Huyo wa Wisconsin nimempenda lakini hanisaidii. Kila anayekaidi anajiona yeye ndiye wa Wisconsin, hata yule wa Alabama. Jirani yetu akipunguziwa miaka na jaji mwenye dhamiri, mimi nitaijuaje dhamiri hiyo ni ya upande gani?

#38 MamaWawili
Nashukuru kwa majibu, nimesoma yote. Yule mwenzake na kaka ameandika tena, safari hii kesi mpya kabisa ya Katiba, kwa njia ile ambayo Wakili_Mdogo ameisema. Kaka ndiye aliyemsaidia kuinakili, kwa sababu yeye sasa yuko nje na ana cherehani na meza. Wiki iliyopita imetajwa. Mwendesha mashtaka alikuja na nakala ya ile hukumu ya Julai 2024 pamoja na nyingine ya Mahakama ya Upeo ya Aprili 2025 iliyorudisha kifungo cha maisha. Jaji amesema atazisoma zote mbili mpaka mwisho.

#39 Karani_Mstaafu
Faili namba ngapi, mwanangu? Usiiweke hapa, niandikie pembeni. Bado kuna vijana pale wananiita mzee. Uamuzi siuwezi, lakini kabati nalijua.